Mashine Iliyokuwa Inauma

Kwanza ilikuwa harufu ya vumbi lililoungua. Ukiinamia mgongo wa mashine ya gemu ya zamani, ile ndefu kama kabati, unapokewa na vumbi lililopikwa na joto la kioo, kisha mkojo wa panya, na chini kabisa, ukivuta pumzi kwa subira, ubao uliowahi kulowa ukakauka vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nimepiga magoti nyuma ya mashine hiyo katika ukumbi wa gemu uliokuwa chini ya ardhi, upande wa River Road. Baba alikuwa amenileta kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na macho ya sokoni. Mama aliuza mitumba Kangemi, na likizo zangu zote nilizimalizia kwenye kibanda chake nikigeuza makoti ndani nje, nikihesabu vifungo, kisha nikivihesabu tena. Baba aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na siku hiyo aliniambia mlangoni, “Mama, angalia vizuri. Pesa hii haiji mara ya pili.” Ilikuwa pesa ya kuachishwa kazi. Kiwanda kilikuwa kimempunguza pamoja na wenzake wengi, na kila asubuhi alikuwa akivaa viatu vya kazi, anavipiga rangi, kisha anakosa pa kwenda. Nyumbani Mutuini tulikuwa na chumba kinachotazama barabara, na nyumba za kupangisha zilikuwa zikichipuka pande zote zikiwa zimejaa watoto. Mashine moja ingemrudishia pa kwenda asubuhi.

Kwetu, kununua kulikuwa na sheria zake. Kitu unachokitaka unakisema vibaya. Kikiwa kizima unakitafutia kasoro, na ukizikosa unazitunga. Mama aliwahi kumwambia mwenye duka kwamba sufuria mpya inanuka matanga, na bei ikashuka. Muuzaji naye ana sheria zake: ataapa kwamba anakupa hasara yake, na kwamba anakwambia ukweli kwa sababu umefanana na ndugu yake. Hakuna anayeamini lolote, na hakuna anayekasirika. Ni adabu tu, kama salamu.

Mwenye ukumbi alikuwa Mhindi mzee, Bwana Premji, mwenye sweta la kijani na kikombe cha chai kisichoisha. Alikuwa anafunga biashara, kwa kuwa vijana walikuwa wamehamia kwenye gemu za televisheni na kwenye kompyuta za saiba. Alituambia mashine ile ilitoka hoteli ya watalii, ikachezwa na watoto wa wageni tu, watoto wa adabu. Nikapitisha kidole ukingoni mwa meza ya vitufe na kukuta madoa ya kahawia, moja kando ya kila kitufe.

“Watoto hao walikuwa wanavuta sigara,” nikasema.

Bwana Premji akamtazama Baba. “Huyu si mtoto. Huyu ni mtu wa bima.”

Basi nikaendelea. Mviringo mweupe juu ya meza ulikuwa wa chupa. Mashine ilikuwa ya baa. Kioo kilipozimwa bado kilionyesha kivuli cha maandishi, maana kiliachwa kikiwaka miaka na picha ile ile. Chini, ubao ulikuwa umevimba kama mguu wa mgonjwa, na rangi mpya ilianzia pale pale uvimbe ulipoishia. Maji yaliwahi kuingia humo, na mtu akayafunika. Baba alifurahi kwa kila kasoro, na bei ilikuwa ikiteremka ngazi moja moja. Kisha nikaona kitu ambacho sikuwa na jina lake. Mashine nyingine zote zilisimama juu ya sakafu tupu. Hii ilisimama juu ya mbao, na mbele yake palikuwa na mpira mzito wa kukanyagia, kama wa garini. Niliweka goti langu nje ya mpira, kwenye sementi yenye unyevu, nikashika mlango mdogo wa chuma ambamo sarafu huangukia. Mkono ukatekenywa mpaka kwenye kiwiko, kama umelaliwa usiku kucha.

“Baba, hii kitu inauma.”

Akanikonyeza. Ninakumbuka jicho lile kuliko uso mzima. “Unasikia, mzee? Sasa inauma! Nikupe pesa halafu iniume?”

Bwana Premji akaweka kikombe chini. “Mimi nakwambia ukweli, ndugu yangu. Hiyo chukua na mbao yake, na mpira yake. Maji haitaki kabisa.”

“Ahaa! Sasa unataka kuniuzia na mbao,” Baba akasema, wote wawili wakacheka. Bei ikashuka mara ya mwisho. Mbao na mpira alivikataa, kwa kuwa aliamini vimeongezwa ili bei ipande tena.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri kiasi cha kutia hofu. Watoto walipanga foleni mpaka kwenye migomba. Wale wa miguu mitupu waligundua kwamba mlango wa sarafu unatekenya, wakasema mashine inasalimia, wakawa wanashindana nani atashika salamu zaidi. Baba akaweka gunia mbele yake. Kisha mvua za masika zikaanza, kila mtoto akavaa gambuti, buti za mpira, na salamu zikakoma. Baba akatangaza kwamba mashine imepona. Hakuna aliyefikiria gambuti.

Mama alikuwa na amri moja nyumbani: sakafu aliyoipiga deki haikanyagwi na matope. Alasiri moja aliosha chumba kile, akaanika gunia uani. Baba alitoka shambani kuinua migomba iliyolazwa na mvua, akavua gambuti mlangoni kama mume mwenye heshima, akavuka sakafu iliyolowa kwa miguu mitupu kwenda kutoa sarafu za siku. Nilikuwa jikoni. Nilisikia sarafu zikimwagika, nikangoja kicheko chake, maana alipenda mlio ule. Kilichokuja ni kimya, kisha sauti ya Mama. Fundi wa umeme aliyeletwa baada ya mazishi alituonyesha waya wa kijani na manjano, ule wa kupeleka umeme ardhini, umekatwa zamani na kufungwa vizuri kwa utepe. Inaonekana mashine ilipolowa ilikuwa inazima umeme wa nyumba nzima, na mtu akaona hilo ndilo tatizo, akaukata waya.

Mama hakuiuza. Aliitoa matumbo kwa shoka, akaliburuta kasha uani, na kuku wakataga humo miaka mingi. Mayai hayo Mama aliyauza, na hakuna mnunuzi aliyewahi kumwomba apunguze bei.

Leo naishi kwa kununua na kuuza mashine kuukuu, majokofu hasa, na bado nasema sufuria inanuka matanga ikibidi. Siku hizi watu wenye sebule kubwa wanazitafuta gemu zile za zamani kama mapambo. Juzi kijana mmoja aliniita Kileleshwa, kwenye fleti ya mtu anayehama, nimkagulie moja. Nilinusa mgongo wake, nikahesabu skrubu mara mbili, nikafungua, na waya wa kijani na manjano ulikuwa umekatwa. Binti wa kijana huyo, wa miaka minne hivi, alikuwa anabonyeza vitufe akiwa na soksi.

“Hii itaua mtu,” nikasema.

Kijana akanikonyeza. “Umesikia, boss? Fundi wangu anasema itaua mtu. Hebu shuka kidogo.”

Nilichomoa plagi, nikatoa koleo mfukoni, nikaukata waya wa umeme pale unapotokea kwenye ubao. Mwenye fleti alipiga kelele, akataja bei ya waya mpya, bei ya wizi mtupu. Nilimlipa yote, bila kumwomba apunguze hata shilingi.