Utepe wa Pampu ya Masaka

Nafanya kazi ya miradi ya vijijini, na nimeifanya miaka yote nikiwa nakaa mjini. Kigali hilo halimshangazi mtu. Asubuhi natoka nyumbani Busanza, nafika ofisini, nafungua ramani ya mahali ambapo watu wanaamka na jembe, kisha nawaandikia ratiba.

Mwaka huo mradi wangu ulikuwa karibu kiasi cha kwenda kwa moto, pikipiki ya abiria kama tunavyoiita hapa. Ulikuwa Masaka, pembezoni mwa jiji, pale ambapo nyumba mpya zinashuka kilima na mashamba madogo yamebanwa kuelekea bondeni. Tulikuwa na ushirika wa wakulima wa mboga, wengi wao wanawake. Sisi tulipaswa kuwapa pampu, mabomba na kanuni. Pampu ilichelewa sana. Kanuni ziliwahi.

Kanuni hizo niliziandika mimi na kuzifundisha mimi, siku mbili nzima, kwa karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani. Ile niliyojivunia kuliko zote ilisema kwamba shamba litakalofika mwisho wa kiangazi bila zao lolote litachukuliwa, apewe mwanachama mwingine aliye kwenye orodha ya kungoja. Nilikuwa nimechoka na miradi ambayo watu hushika mashamba na kuyaachia magugu. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, na wote walinyoosha.

Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mjane, mtu wa makamo, aliyelelewa Bujumbura. Mimi nimelelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na Kinyarwanda changu ni cha mtu aliyerudi akiwa mtu mzima: kinatosha kwa mikutano, hakitoshi kwa utani. Kwa hiyo mimi na yeye tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Aliniita mukubwa. Sikuwa na ukubwa wowote, lakini sikumkataza.

Siku ya kugawa mashamba, yale ya chini karibu na kijito yaligombewa. Juu kabisa kilibaki kipande kimoja ambacho hakuna aliyekitaka. Nilimshauri yule mama akichukue, nikamwonyesha kwenye mchoro kwamba bomba lingeishia hapo hapo. Aliutazama mchoro kwa heshima, akanitazama mimi, akakichukua.

Pampu ililetwa mwanzoni mwa Juni. Fundi aliiwasha kuijaribu, na maji yakapanda mpaka juu kwa yule mama. Wanawake walipiga makofi. Yeye alivua kandambili akanawa miguu pale pale kwenye mdomo wa bomba, taratibu, kama mtu aliye uani kwake. Baada ya dakika chache fundi aliizima, nami nikatoa utepe kwenye begi nikaufunga kwenye mpini wa kuwashia.

Kwa mtu asiye wa kazi hii lazima nieleze. Kwetu mradi haujaanza mpaka mgeni rasmi aukate utepe. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, ila kila mtu anajua. Ukiruhusu pampu ifanye kazi kabla, mgeni atakuja kuzindua kitu kilichokwisha kuzoeleka, picha zitaonyesha matope na mpini uliochakaa, na wewe utaitwa ofisini uulizwe ulikuwa na haraka gani. Mgeni wetu alikuwa aje baada ya wiki mbili. Nilimwambia mwenyekiti wa ushirika, bwana mmoja nadhifu asiyeachana na faili lake, kwamba pampu isiguswe hadi siku hiyo. Akasema yego, ndiyo, akaandika.

Kwa ahadi hiyo ya wiki mbili, yule mama alipanda miche ya kabichi shamba zima.

Mgeni aliahirisha. Alipangiwa tarehe nyingine, akaahirisha tena. Wenye mashamba ya chini walichota maji kijitoni kwa jerikani na mimea yao ikapona. Yule mama alikuwa peke yake, na nyonga yake ilikuwa mbovu tangu zamani. Alipandisha jerikani mbili kwa siku, baadaye moja.

Nilimkuta mwezi wa saba amekaa kwenye zege la pampu, jerikani tupu pembeni yake. Kabichi zake zilikuwa zimekunja majani.

"Mukubwa, maji iko hapa," alisema, akigusa bomba. "Hii kitambaa tunafungula kidogo tu, asubuhi, halafu tunafunga vile ilikuwa. Nani atajua?"

"Vumilia kidogo, mama. Ni wiki ijayo tu."

"Wiki ijayo ya lini?"

Nilicheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba kiangazi kikiisha shamba likiwa tupu watalichukua, na kwamba yeye hana shamba jingine popote. Nilimwambia najua. Nilijua kweli, kanuni ilikuwa yangu.

Jioni hiyo nilimpigia simu mkuu wangu wa kazi nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama utepe bado ni safi, maana vumbi la kiangazi ni baya. Niliangalia picha kwenye simu yangu. Utepe ulikuwa umepauka. Kesho yake nilinunua mwingine mjini, wa bluu iliyokolea, nikapanda moto hadi Masaka na kuufunga upya. Ili kufika kwenye pampu ilinibidi nipite kando ya shamba lake. Nilipita nikiangalia simu.

Nikisimulia habari hii, kuna watu huniuliza kwa nini wakulima hawakuukata tu. Wanaouliza hivyo hawajaishi hapa. Watu wa ushirika ule waliamini kwamba kitu kilichofungwa na ofisi kinafunguliwa na ofisi, na mwaka huo mimi ndiye nilikuwa ofisi. Wangeniona mtu wa ajabu kama ningewaruhusu.

Mgeni alikuja mvua zilipokwisha kuanza. Tulisimamisha mahema, tukavisha viti vitambaa vyeupe, spika zikaletwa kwenye pikapu. Alikata utepe chini ya mwavuli, na pampu ikarusha maji kwenye mashamba yaliyokuwa yameloa. Kisha ilifika zamu ya mnufaika kutoa shukrani. Ratiba ilikuwa ile ile ya Juni, tulibadilisha tarehe tu, kwa hiyo aliyeitwa alikuwa yule mama. Alipanda jukwaani amevaa kitenge kizuri. Alishukuru vizuri, kwa Kinyarwanda, bila kumsahau mtu. Mgeni akamuuliza siku hizi anafanya kazi gani shambani.

"Napalilia kabichi," alijibu, na watu wakapiga makofi.

Nilifurahi, nakiri. Nilidhani zake zilipona, au alipanda upya mvua ilipoanza. Baada ya chakula nilimkuta amekwisha kubadilisha kitenge, yuko kwenye kile kipande cha juu na jembe, kati ya mistari ya miche mipya iliyonyooka. Nilimpongeza.

"Si yangu hii," alisema. "Walinitoa mwezi wa tisa. Mimi nafanya hapa kibarua."

Nilishuka haraka kwa mwenyekiti, aliyekuwa akihesabu viti vya kurudisha. Alifungua faili akanionyesha ukurasa. Kamati ilipita shamba kwa shamba mwisho wa kiangazi, ikakuta moja tu halina zao, ikampa aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Nilimuuliza kama walizingatia sababu. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba waliitafuta nafasi ya kuandika sababu kwenye fomu, hawakuiona. Fomu ilikuwa yangu pia. Nilimwomba amrudishie. Alisema aliyepewa ameshapanda, naye ana watoto, na je, akimtoa huyo atumie kanuni gani? Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayofanya masikio yapate moto.

Nilipanda tena kilima. Yule mama alisimamisha jembe ili anisikilize. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu, si lake. Nilimwambia nimejifunza, na kwamba nitaliandika kwenye ripoti: maji yafunguliwe siku pampu inaposimikwa, sherehe ije itakapokuja, na mtu asipokonywe shamba kwa ukame ambao mradi wenyewe umeusababisha. Nilisema mradi unaofuata utafanywa hivyo tangu siku ya kwanza, na nitahakikisha mwenyewe.

Alitikisa kichwa kukubali. Alionekana kulipima jambo hilo kwa makini na kuliona jema.

"Hiyo mradi ingine itakuwa wapi?" aliuliza.

"Mbali kidogo, mama. Kule mashariki, karibu na mpaka."

"Basi watu ya kule watapata bahati," alisema, akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa nimekanyaga mche wa mwenye shamba.