Babu Maganga na Mbio za Idd Pili

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi utotoni mwangu, adhana ikiwa imekwisha na jogoo wa jirani akiwa bado anasitasita. Ilipenya chini ya mlango wa chumba chetu, ikachanganyika na vumbi la sufi lililojaa nyumba nzima, nami nikajua, bila kufungua macho, kwamba Babu ameketi ukumbini juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kaptura yake ya kaki ameipandisha, anajisugua magoti. Aliyasugua huku akiyasemesha kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza punda. Halafu kimya. Halafu miguu mitupu kwenye mchanga wa Mtaa wa Mchikichi, pa, pa, pa, ikienda mbali. Nilikuwa mtoto wa kuwaza. Nilibaki kitandani nikiisikiliza mpaka ipotee, kisha nikaanza kujiuliza kama imepotea kwa sababu ya umbali au kwa sababu amesimama, na kama amesimama, amesimama kwa nini.

Hiyo ilikuwa Kariakoo ya miaka ya hamsini. Babu Maganga, baba yake mama, alikuwa mshona magodoro. Nyumba ilikuwa yake, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na paa la madebe yaliyopasuliwa, nasi tulikaa vyumba viwili vya nyuma. Kazi yake aliifanyia barazani: alipasua matunda ya msufi, akayatoa mbegu, akaijaza sufi kwenye kitambaa cha mistari na kushona kwa sindano ndefu iliyoniogopesha. Nyuzi za sufi zilimnata kwenye nywele na nyusi, kwa hiyo alionekana mzee kuliko alivyokuwa, ingawa hamsini alikuwa ameshazivuka. Wanaume wa umri wake walikuwa wakicheza bao na kulalamikia migongo. Yeye alikimbia mpaka Ilala na kurudi kila siku aliyoamka mzima, na kila sikukuu, iwe Idd, Maulidi au siku inayofuata Krismasi, palipokuwa na mashindano ya mbio hakukosekana. Hakupata kushinda hata mara moja. Sina hakika kama alitaka kushinda. Nimelifikiria sana jambo hilo, pengine kuliko linavyostahili, na ninachoweza kusema ni kwamba alirudi kutoka mbioni akiwa na uso wa mtu aliyetoka kula vizuri.

Aliyemwandama zaidi alikuwa Mzee Pazi, muuza nazi wa pale sokoni. Mzee Pazi alikuwa Mzaramo na Babu alikuwa Mnyamwezi, yaani walikuwa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kofia, kukuzuia njiani mpaka ujikomboe kwa chochote ulicho nacho, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Lakini siku ukifa, mtani huyo huyo ndiye anayekuja kukuhangaikia kwa mazishi, akitia vichekesho katikati ya vilio. Kila asubuhi Babu alipopita sokoni akirudi kutoka Ilala, jasho likimtiririka, Mzee Pazi alisimama juu ya lundo la nazi na kuanza.

"Wee Mnyamwezi! Unakimbia nini? Ule mzigo mliokuja nao kutoka bara ulishatuliwa zamani, hakuna anayekufuata!"

"Namtafuta Mzaramo mwenye jembe," Babu alijibu bila kupunguza mwendo. "Nimefika mpaka Ilala, sijamwona."

"Kimbia tu! Kipimo cha kaburi lako nimeshachukua."

"Chukua kirefu. Mimi si kibeti kama wewe."

Upande ule wote wa soko ulicheka, na wauza mchicha wakamrushia Babu maneno yao pia. Mama hakucheka. Sikukuu moja kabla ya ile ninayotaka kuisimulia, Babu alianguka mbioni pale Barabara ya Kichwele, ambayo leo tunaiita Uhuru. Jua lilimpiga, magoti yakalegea, na vijana wakamleta nyumbani kwenye mkokoteni wa mananasi, amelala chali, majani ya mananasi yamemwegemea shavuni. Nilimwona Mama akitoka mlangoni na upawa mkononi. Alimtazama baba yake juu ya mkokoteni kama bidhaa, kisha akarudi ndani na kukaa jikoni muda mrefu bila kupika chochote. Baba yangu, aliyekuwa karani wa bohari bandarini, alijiweka mbali na shauri hilo. Mkwe atayazungumziaje magoti ya mkwewe, tena ndani ya nyumba ya mkwewe?

Babu alipopona, Mama alimfuata barazani, akapiga magoti kwa adabu, akasema alilokuwa amekusudia. "Baba, sikukatazi. Lakini siku hizi kila mbio unakuwa wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayeanguka bila mtu kumwona. Idd hii inayokuja, ukimaliza wa mwisho, ndiyo basi. Utaacha. Naomba uniapie." Babu aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha. Alisema, "Wallahi." Mtaa mzima ulijua kabla ya magharibi, maana nyumba ya Kiswahili haina siri, na Mzee Pazi alipita jioni hiyo hiyo kutoa pole ya msiba.

Kwa hiyo Ramadhani ile ilikuwa na jambo la kunikosesha utulivu. Babu hakuweza kukimbia asubuhi akashinda na kiu, hivyo alihamishia mazoezi saa za alasiri, wakati mitaa inanuka muhogo wa nazi na tambi za sukari, akapima mwendo wake ili mguu wake ufike kizingitini pamoja na adhana ya magharibi. Tuliketi uani tukiizunguka futari, mkono wa kila mtu uko karibu na tende, na masikio yangu yalisikiliza vitu viwili kwa pamoja: mwadhini, na Babu. Akitangulia Babu, moyo wangu ulitulia. Akitangulia mwadhini, nilitafuna tende moja mpaka afike. Nilikuwa na hoja zangu: kwamba mtu akichelewa futari atachelewa na mbio, na kwamba Babu akiacha kukimbia atakaa barazani kama wale wengine na kuanza kulalamikia mgongo, na mtu akishaanza kulalamikia mgongo, nani ajuaye litakalofuata? Sikumwambia mtu. Yeye alikunywa maji, akanitazama, akasema, "Mke wangu, mbona unakula kama unafanya mtihani?"

Mbio zilikuwa Idd Pili, baada ya swala ya alasiri. Vijana wa timu ya mpira ya mtaani ndio waliozisimamia, na zawadi ilikuwa beberu aliyefungwa utepe kwenye pembe. Wakimbiaji waliondoka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa mlio wa debe, wakapanda Kichwele mpaka Ilala, kisha wakageuka kurudi palepale. Mama alibaki mwishoni mwa mbio na wanawake wengine, juu ya mkeka, kanga zao mpya bado zina harufu ya dukani. Mimi nilipewa birika la maji nikasimame kona ya Msimbazi, nimvizie Babu wakati wa kurudi. Nilisimama hapo na gauni langu la Idd na viatu vilivyonibana, nikihofia kwamba atapita nisimwone, na tena kwamba atasimama kunywa na nitakuwa mimi niliyemchelewesha.

Wa kwanza walipita kama upepo, wapagazi wa sokoni wenye vifua kama milango. Wakapita wengine. Njia ikaanza kuwa nyeupe. Akaja hamali mmoja wa bandarini, mnene, aliyekula pilau ya nyumba tatu, anakimbia ameshika tumbo. Nyuma yake fundi baiskeli kijana aliyekuwa akichechemea. Kisha, mbali kidogo, Babu, peke yake. Hakuwa anaanguka, mwendo ulikuwa uleule wa kila siku, lakini baada yake barabara ilikuwa tupu mpaka Ilala. Alikuwa wa mwisho.

Kabla sijamfikia na birika langu, wanaume wanne wakatoka uchochoroni wamebeba kitanda cha kamba kilichotandikwa shuka jeupe. Mbele yao Mzee Pazi, kanga ya mkewe kichwani, analia kwa sauti ya kike. "Uwiii! Mnyamwezi wetu amekufa! Nani atatubebea mizigo sasa?" Wakaweka kitanda katikati ya njia. Babu akasimama. Alijaribu upande wa kulia, wakaziba, wa kushoto, wakaziba.

"Jikomboe, marehemu!"

"Sina kitu, Pazi. Nina kaptura tu."

"Hiyo hatuitaki, tunaijua. Jikomboe!"

Watu walikuwa wakicheka kila upande. Mimi nilikuwa nalia, birika linanimwagikia viatuni. Babu alitazama barabarani, ambako mgongo wa fundi baiskeli ulikuwa ukizidi kuwa mdogo. Hakukasirika; hakuruhusiwa. Akamtazama Mzee Pazi, akatazama kitanda. Ndipo akalala juu yake chali, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Haya, nimekufa," alisema. "Wewe mtani wangu, nizike. Ila niliusia nizikwe Mnazi Mmoja. Na maiti hacheleweshwi."

Sijapata kumwona mtu aliyenaswa kama Mzee Pazi alivyonaswa pale. Mtani gani atakataa kumzika mtani wake mbele ya Kariakoo nzima? Akamfunika shuka, akatia bega lake mwenyewe nyuma, kitanda kikainuka, na kwa kuwa sisi jeneza hatulitembezi polepole, wakaondoka mbio, wanaitikia "Laa ilaha illa llah," nami nyuma yao, viatu vimebaki kona ya Msimbazi.

Fundi baiskeli alisikia sauti nyuma yake. Aligeuka, akaona jeneza, akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa Kariakoo angefanya bila kufikiri: akasimama kando na kuinamisha kichwa. Hamali alifanya zaidi. Masikini, alikuwa mtu wa dini. Alifuta jasho, akatia bega lake nene chini ya kitanda, apate thawabu, akaenda nacho hatua kadhaa akimwombea marehemu, mpaka marehemu alipomwambia kutoka chini ya shuka, "Asante, mwanangu, Mungu akulipe." Kilio alichopiga hamali yule kilisikika mpaka viwanjani.

Nilipotokea Mnazi Mmoja nilimwona Mama amesimama. Alikuwa amekiona kitanda, na Mzee Pazi chini yake, na mimi nyuma yake na machozi usoni, miguu mitupu. Kanga ilikuwa imemteleza mabegani na hakuiokota. Uso wake ule ninao mpaka leo. Ndipo shuka likaruka. Babu akashuka kitandani kabla hawajakiweka chini, akayumba, akajishika, na akakimbia kipande kile cha mwisho kwa miguu yake mwenyewe, sufi nyusini, umati mzima ukipiga vigelegele kama harusi.

Mama alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Pazi, akavua kiatu, akampiga nacho mgongoni, begani, popote. Mzee Pazi alizunguka kitanda akikinga kichwa. "Jamani, mwanangu! Mtani! Mtani!" Na kwa kuwa Mama naye alikuwa mtani wake, hakuwa na pa kushitaki. Alipigwa mpaka Mama mwenyewe akaanza kucheka, akaketi kwenye nyasi, akacheka huku analia, na hakuna aliyejua lipi limezidi.

Ubishi ulifuata. Vijana walisema mzee hakukimbia, amebebwa. Fundi baiskeli alidai yeye alisimama kwa heshima, si kwa kuchoka. Mwalimu wangu wa Kurani alikuwa akinung'unika kuhusu mzaha na mauti. Mwishoni watu walimgeukia Mama, maana sharti lilikuwa lake. Mama alijifuta macho.

"Aliyefika nyuma ya wote ni nani?"

Wakamwonyesha hamali, aliyepitwa hata na fundi baiskeli, ndio kwanza anaingia uwanjani, ameshika moyo.

"Basi wa mwisho ni huyo. Mimi nilisema wa mwisho. Habari ya kitanda sikuisema." Akamsogelea baba yake, akamfunga kanga mabegani kama anavyofungwa mtoto aliyetoka kuoga. "Kimbia, Baba. Mimi nimeshakuzika leo. Hakuna kingine cha kunitisha."

Nimejiuliza mara nyingi kama Mzee Pazi alikusudia kumzuia Babu au kumwokoa. Alipoulizwa alisema alikusudia kumzika tu, na hapo hakuna tafsiri yangu inayoweza kuingia. Siku hizi nimemaliza chuo kikuu, nafanya kazi katika ofisi moja karibu na Posta, na barua ya mistari michache hunichukua asubuhi nzima. Pana kijana wa Kizaramo meza ya pili. Nimefikiria wiki kadhaa kama ni sawa kumtania kazini, na kila nikipata neno zuri wakati wake umepita. Mbio za sikukuu sasa zina namba vifuani, kamba pembeni, na mtu wa kuandika nani amefika lini. Zimekuwa za haki zaidi, nadhani. Sijaona ndani yake mtu akisimama kumpisha mwenzake.

Wazazi wangu wamehamia Magomeni. Mimi nimebaki na Babu, anayekaribia sabini, na bado anatoka. Kwa hiyo hofu ya Mama nimeirithi mimi, nikaiongezea na yangu. Jana alfajiri nilimsubiri uani na hoja nilizozipanga tangu usiku: malori ya sokoni, masikio yake mazito, lami inavyoteleza. Alikuja akinyoosha mabega.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Una neno?"

Nilikuwa nayo mengi. "Ukifika Msimbazi," nilisema, "pita upande wa kulia, uyaone malori yanavyokuja."

"Kulia," alisema, akatoka. Nami nikaenda kuinjika chai, yake na yangu.