Geji za Jeshi kwenye Motokaa ya Mjomba

Naandika haya na uso wangu uko chini. Mtaani wapo wanaonigongea ukuta kwa kidole nikipita, ngo, ngo, ngo, kisha wakatazama juu kama kwamba wanatafuta kunguru, na mimi nawajua mmoja mmoja. Siwalaumu. Lau mkasa huu ungempata mwengine, nami nikawa miongoni mwa waliosimama sokoni Marikiti siku ile, pengine ningecheka kuwashinda wao.

Mjomba wangu Abdalla alikuwa na motokaa ya zamani, ya kabla ya vita hivi vilivyokwisha juzi tu, tena kabla sana, mimi nikiwa bado chuoni natamka alifu kwa kuimba. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva (hilo mliweke akilini, maana mimi sikupata kulisahau hata siku moja), madirisha yote ya nyuma yana pazia, na kati ya dereva na kiti cha nyuma mjomba alimwekesha seremala ubao wa msaji kutoka kitini hadi juu, ili wanawake wa nyumbani wakitoka waketi kwa stara zao, dereva asiwaone wala asisemezane nao. Wakitaka nisimame hugonga ubao mara moja. Wakitaka niende hugonga mara mbili. Ndivyo nilivyowaendesha miaka yote, ubao ukisema nami nikitii.

Sasa, mamangu alikwisha kwenda kwa mjomba kuniulizia habari za binti yake Zuhura. Tulicheza pamoja tukiwa wadogo, kisha akaingia ndani, nami nikawa namjua kwa kivuli tu na mlango unaofungwa. Mjomba hakukataa wala hakukubali. Alisema, na mamangu alinieleza neno kwa neno bila ya kunionea huruma: "Omari ni kijana mzuri, lakini ni mwoga. Sijamwona bado akiaminiwa na roho za watu." Na mimi, kusema haki, sikuona kama amenisingizia. Ni mwoga. Usiku wa mvua hulala nikiiwaza nyumba kuanguka.

Basi ikatokea arusi kwa jamaa zetu Makupa, na mjomba akaniita akaniambia nitawapeleka mkaza mjomba Bi Rukia, na Zuhura, na shangazi zake wawili. "Wapeleke salama, uwarudishe salama," akasema, "kisha tutazungumza lile jambo jengine."

Toka siku hiyo usingizi ukanihama. Niliiona motokaa ikifa njiani kila nilipofumba macho. Nikakumbuka wakati wa vita nilipokuwa nikifanya kazi katika gereji ya jeshi (msije mkadhani nilikuwa fundi, kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa petroli na kumshikia fundi taa), na magari yale yote yalikuwa na geji mbele ya dereva, moja ya kuonyesha nguvu ya oili na moja ya joto la maji. Dereva akitupa jicho tu anajua hali ya injini. Motokaa ya mjomba haikuwa nazo. Na kule Makupa vyuma vya jeshi vilikuwa vikiuzwa chini kwa mafungu kama nyanya, nikaenda nikachagua geji mbili zenye vioo vizima, nikarudi nazo nimezifunga katika leso kama mayai.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa dogo kabisa. Bati la mbele ya usukani lilikuwa jembamba, halikuweza kuzibeba geji. Lilitaka ubao. Nami ubao mzuri kuliko wote niliouona ni ule wa msaji nyuma ya kichwa changu. Nikaung'oa, nikakata kipande cha kadiri ya sinia, nikatoboa matundu mawili nikazipachika geji, zikakaa, wallahi zikapendeza. Mahali pa ubao nikatundika pazia zito la rangi ya zabibu, nikajiambia stara ni stara, iwe ya mbao iwe ya nguo, na arusi ikisha nitatia ubao mwengine. Habari ya kugonga haikunipitia akilini hata chembe.

Kosa la pili ni la kipaipu. Geji ya oili hufungwa kipaipu chembamba cha shaba kinachotoka kwenye injini, kikapenya mpaka nyuma ya geji, na nati niliyokuwa nayo haikuwa yake, ilikuwa ikicheza. Nikaizungushia uzi na kuupaka sabuni, kama nilivyowaona mafundi wa mifereji wakifanya. Nilisahau kwamba mifereji hupitisha maji baridi.

Siku ya arusi, baada ya alasiri, nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na mamangu mwenyewe. Wanawake wakaingia kwa nyuma, nikasikia bakora ya Bi Rukia ikigusa sakafu (ana goti linalomsumbua, hatembei bila ya hiyo bakora), mlango ukafungwa. Mjomba akaja dirishani kwangu akaniambia nipitie Makadara, nyumba ya mwenye kutunga asumini, wachukue vikuba vya bibi arusi, kisha niende moja kwa moja. Akazitazama geji. Akauliza ni nini. Nikamweleza. Akasema, "Haya, Mungu akuongoze," kwa sauti ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya kusifu au ya kunionea wasiwasi.

Tukaondoka. Sindano ya oili ilisimama wima, nami moyo ukasimama wima pamoja nayo. Lakini ukishatiwa geji mbele ya macho huwezi tena kutazama kitu chengine. Zamani nilikuwa nikiendesha nikitazama njia, watoto, mikokoteni. Siku ile nilitazama sindano. Na tulipokuwa tunakaribia Makadara nikaiona inainama. Kidogo tu. Nikajiambia ni macho yangu. Ikainama tena.

Nikakumbuka maneno ya yule fundi wa jeshi niliyekuwa nikimshikia taa: "Sindano ikilala, zima utoke. Injini isiyo na oili hujigonga ndani kama mtu aliyefungiwa, halafu hupasuka." Alinisimulia na habari ya lori lililopasuka likashika moto, na dereva wake. Sitaiandika hapa.

Jasho lilinitoka mpaka vidoleni. Nikapunguza mwendo, sindano ikazidi kulala. Nikaongeza mwendo, ikainuka kidogo, basi nikaenda mbio ili isilale, nikaipita nyumba ya asumini bila ya kuiona, nikaipita na njia yake. Na hapo ndipo nilipoisikia.

Ngo.

Ilitoka chini, penye sakafu.

Ngo. Ngo.

Nilihisi nywele zimenisimama chini ya kofia. Kila nilivyokwenda mbio ndivyo ilivyogonga kwa nguvu, na sindano imelala kama mgonjwa aliyekata tamaa, na chini yangu tangi zima la petroli, na mguu wangu wa kulia naona una joto, joto la majimaji, nikajua basi, ndio moto unaanza. Mbele yetu ikawa Marikiti, na saa ile ya jioni Marikiti haipitiki, mahamali na matenga yao, wauza ndizi, watu wamejaa hadi katikati ya njia. Nikakanyaga breki. Na sasa naandika lile nililokuwa nikilikwepa tangu nilipoanza: sikuwafungulia mlango. Nilitoka mimi. Niliruka nikakimbia, nikapita baina ya watu, na nilipozinduka nilikuwa nimechutama nyuma ya rundo la mananasi, na kutoka huko nyuma ndiko nilikopiga kelele, "Tokeni! Motokaa yalipuka!"

Mlango aliufungua Zuhura. Nilimwona mkono wenye pete moja, kisha yeye mwenyewe, buibui limemteleza mabegani, kiatu kimoja kimebaki ndani, na shangazi zake nyuma yake wanalia. Binti aliyekuwa haonekani hata dirishani alisimama katikati ya Marikiti uso wazi, na sokoni pote pakanyamaza. Hakukimbia. Aligeuka kumpa mkono mamake atoke. Alipoona hatoki, akainua macho akatafuta sauti yangu ilikotoka, akaniona. Miaka yote nimetamani anione, akaniona nikichungulia juu ya nanasi.

Miguu ilinirudisha yenyewe, sijui vipi. Nilitia mkono ndani nikazima injini huku nimegeuza uso pembeni nikingojea mlipuko. Injini ikanyamaza.

Ngo.

Injini imezimwa, jamani. Ngo, ngo.

Hamali mmoja mrefu, tenga bado liko kichwani, akaniambia taratibu kama mtu anayemshauri mgonjwa, "Fundi, injini yako yaomba kushuka."

Soko zima likaangua kicheko. Nikalivuta pazia la zabibu. Bi Rukia alikuwa amekaa vilevile kitini, hakutikisika, bakora mkononi na ncha yake sakafuni. "Omari mwanangu," akasema, "nimegonga tangu Makadara. Ubao sikuuona, nikagonga chini. Asumini yangu iko wapi?"

Nilipojitazama, kanzu yangu ilikuwa nyeusi kutoka magotini hadi chini. Sabuni iliyeyuka kwa joto, nati ikaachia, na oili yote iliyopotea ilipotelea mguuni mwangu. Kwa hivyo geji siitukani. Ilisema kweli tupu: oili inapungua. Ila ilipungua kwa sababu yake yeye, na bila yeye isingepungua. Nilikitoa kipaipu, nikaziba tundu kwa kijiti nilichokichonga, nikanunua oili pale karibu nikajaza, tukarudi Makadara kuchukua asumini, tukafika Makupa bibi arusi amekwisha kupambwa. Habari zetu zilifika kabla yetu.

Kesho yake asubuhi mjomba akaniita ukumbini. Mlango wa ndani ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia niliiona ncha ya bakora. Mjomba hakufoka. Akauliza habari ya geji nikamweleza, habari ya ubao nikamweleza, na uzi na sabuni pia. Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Haya yote ni vyuma na mbao. Mimi nataka neno moja. Wanawake wamekataa kuniambia, wasema nikuulize wewe. Ulipoona hatari, mlango aliufungua nani?"

Bakora haikusogea. Nikaelewa kwamba wameniachia nafasi, nikisema ni mimi hakuna atakayenikanusha, na nikaelewa pia kwamba nikisema hivyo lile jambo jengine litazungumzwa leo hii. Nami nilimtaka Zuhura, Mungu anajua. Niliogopa kuliko nilivyoogopa penye usukani.

"Aliufungua Zuhura," nikasema. "Mimi nilikuwa nyuma ya mananasi."

"Rudisha ubao mahali pake," mjomba akasema, akainuka. Hakuniambia zaidi, wala la kheri wala la shari.

Nimeurudisha, na pengo nililolikata nimelitilia kiraka. Geji nimezitupa, na nimeapa sitatia chuma chengine katika gari la mtu ili kinitulize moyo, maana moyo wangu hautulizwi na sindano. Na nimejifundisha jambo, nalifanyia mazoezi uani peke yangu motokaa ikiwa imezimwa, wacheke wanaocheka: nikitoka kwenye kiti, mkono wangu wa kwanza uende mlango wa nyuma.

Ijumaa iliyopita mjomba aliniamrisha tena niwapeleke, Bi Rukia na Zuhura, ziara ya mgonjwa tu, si mbali. Nilikaa penye usukani nikitazama njia, nikingojea niambiwe niende. Bi Rukia hugonga kwa ngumi siku zote, na mikono yake haina pete tangu vidole vilipoanza kumvimba. Nilisikia ubao ukigongwa nyuma ya kichwa changu, polepole, kwa pete.

Mara mbili.