Kitabu cha Getini

Ile njia ya kilimani niliifunga mimi. Mwenye shamba alileta waya na soja, ni kweli, lakini kazi yenyewe niliifanya kwa kalamu yangu.

Mama alitoka upande wa ziwa akiwa amenibeba mgongoni, akapata chumba Kibera. Kila Jumamosi asubuhi, yeye na wanawake wa kanisa lake walivaa kanzu nyeupe, wakapita mtaa wa Olympic wakiimba, wakapanda kilima kilicho upande wa Kawangware kwenda kusali. Kule juu kulikuwa na nyasi na upepo. Mama, ambaye chumbani kwetu hawezi kunyoosha mkono bila kuangusha sufuria, alikuwa akizunguka na kupunga mikono hadi jasho limtoke. Nilimpenda zaidi akiwa kule.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja, mwenyeji wa siku nyingi, ambaye hakuwahi kumuuliza mtu anaenda wapi. Alipofariki, mwanawe akaweka geti chini ya kilima, na soja, na kitabu cha wageni. Jina, namba ya kitambulisho, saa, ruhusa imetolewa na nani.

Wanawake waligoma. "Tangu lini mtu akaandikishwa ndio asali?" mmoja akafoka.

Wengi wao hawakujua kuandika, mama akiwemo, nami nikadhani wanaona haya tu. Nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi, kichwa kimenivimba. Nikawaambia waache ushamba, hata wakubwa huandika jina wakifika kwa ofisi za watu. Leteni vitambulisho, nitawaandikia.

Nikawaandikia. Miaka miwili, kila Jumamosi, wote kumi na wanne, kwa mwandiko safi. Kwenye safu ya mwisho nilijaza "mwenye shamba", kwa sababu sikupenda kuacha nafasi wazi. "Msomi, wewe uko sawa kabisa," soja alikuwa akiniambia, nami nafurahi, mjinga mimi.

Kisha kilima chote kikazungushiwa waya na geti likafungwa. Tukaenda kwa chifu. Mwanamke mmoja alininyooshea kidole na kusema wamepita pale bila kuomba ruhusa ya mtu tangu mimi nikibebwa mgongoni. Chifu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilishaona tumeshinda.

Mwenye shamba akafungua kitabu mezani.

"Kama njia ni yao, mbona kila wiki wanaomba ruhusa yangu?"

Chifu alifunua kurasa, taratibu, moja moja. Akauliza nani aliandika haya yote. Nikasema ni mimi. Wanawake hawakunigeukia hata mmoja, na wangenitukana ningewashukuru. Tuliambiwa njia ya hisani haina mwenyewe ila aliyeitoa.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama kitandani, amevaa kanzu yake, miguu mitupu ikining'inia. Nje wapangaji walikuwa wanagombania kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa na maneno mengi, ya mawakili na rufaa. Mwishowe nikamwambia twende tu hadi getini, soja ananijua, labda tukimbembeleza atatufungulia.

"Enda wewe, nyathina," akasema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao, bila hasira. "Wewe ndio unajua kuomba ruhusa."