Kushoto kwa Nusu Gari

Mama Fremu alinunua gari la viti viwili akiwa na miaka hamsini na mitano, na hakumwomba mtu ruhusa. Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa fundi wa miwani katika kliniki ya macho, na kutwa nzima alikaa chumba cha nyuma akikata vioo, akisugua kingo zake na kuvipachika kwenye fremu za watu. Miaka ishirini na minane ameinamia meza ile ile. Nyumbani mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alimwita Fundi, naye akamwita Mwalimu. Watoto wao watatu walishaoa na kuolewa, kila mtu na kwake.

Gari alilipata kwa daktari wa meno aliyekuwa akihama mji. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, kijani kilichopauka kwenye boneti, paa lake turubai la kukunjwa kwa mkono, injini yake ndogo isiyo na ulafi wa mafuta. Gia yake ilikuwa fupi, imekaa mkononi kama mpini wa kisu kizuri. Bei haikufika nusu ya bei ya gari la kawaida, maana mtu gani mwenye akili zake ananunua gari lisiloweza kubeba hata gunia la viazi? Binti yao mkubwa alipoliona aliuliza wajukuu watakaa wapi.

"Watakaa kwenu," akajibu Mama Fremu.

Majirani wakalibatiza Nusu Gari, na jina likaganda.

Kila Jumamosi baada ya chai alifungua vibanio viwili vya paa, akalikunja turubai nyuma ya viti, akatoka nalo taratibu getini mpaka barabara ya maghala, kisha akashika njia ya bwawa la maji. Huko barabara ilikuwa na kona kumi na moja mpaka kwenye mnara wa simu kilimani, na kona zote alizijua kwa moyo. Alikaa chini sana, makalio karibu yaguse lami, na kila kitu kikaonekana kinakimbia kuliko mwendo wenyewe. Alinusa mikate ya kiwandani, halafu majani yaliyokatwa, halafu maji. Gari lilikuwa jepesi, likamtii kabla hajamaliza kuwaza. Mtu aliyeshinda wiki nzima akipima milimita za pua za wengine, Jumamosi hapimi kitu.

Mwalimu mwanzoni alikubali kupanda kwa shingo upande. Alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kuuliza kwa upole kama ni lazima wafike leo. Mwezi wa tatu akajinunulia kofia yenye kamba ya kidevuni. Kwenye kona ya saba, ile inayozunguka bwawa, alikuwa akicheka peke yake, kicheko cha tumboni ambacho mkewe hakuwa amekisikia tangu watoto wakiwa wadogo.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Kioo cha pembeni, upande wa kushoto, kiligonga nguzo ya geti na kupasuka. Mwalimu akatania kwamba nguzo imesogea. Wiki iliyofuata, kazini, kiwiko cha kushoto cha Mama Fremu kikakumba trei ya skrubu, zikamwagika sakafuni kama mchele. Halafu dada wa mapokezi akaingia na faili kutokea upande huo huo, na Mama Fremu akashtuka hadi akaangusha koleo. Dada akamtania kwamba ameanza woga wa panya. Yeye hakucheka.

Pale kliniki kulikuwa na mashine ya kupima upana wa kuona. Unaweka kidevu, unakazia macho nukta moja ya njano, na kila ukiona taa ndogo ikiwaka pembeni unabonyeza kitufe. Mara moja kwa mwezi, kabla wagonjwa hawajafika, mfanyakazi mmoja huketi kwenye mashine kuhakikisha inafanya kazi sawasawa. Mwezi ule zamu ilikuwa ya Mama Fremu. Alijaribu jicho la kulia, kisha la kushoto. Katika jicho la kushoto alikaa muda mrefu mno bila kubonyeza, akadhani mashine imeganda. Aliisikia ikigonga ndani, tik, tik, taa zikiwaka mahali ambapo yeye haoni kitu.

Karatasi ikatoka. Jicho la kulia lilikuwa limeguswa kidogo. La kushoto lilikuwa na weusi uliotambaa kutoka pembeni ukala karibu nusu yake, kama moshi ulioganda ukutani juu ya jiko.

Karatasi za namna hiyo alikuwa ameziona mamia. Ilikuwa presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inaiba kutoka kingoni, na kilichokwisha kuibwa hakirudi. Dawa inamchelewesha mwizi tu. Yeye mwenyewe, akiwafungia wagonjwa miwani yao, ndiye aliyekuwa akiwaambia waende kwa daktari mapema, maana mficha maradhi kilio humfichua.

Akaikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni mwa aproni. Dada wa mapokezi alipouliza, akamwambia mashine iko sawa.

Kwa daktari hakwenda, ingawa chumba chake kilikuwa hatua kumi kutoka mezani pake. Alijua utaratibu. Daktari angempima, angempa matone, kisha angeandika barua kwa ofisi ya leseni. Matone alijinunulia mwenyewe kwenye duka la dawa la mtaa wa mbali, akawa anajitilia bafuni, mlango umefungwa. Kuhusu gari akajiwekea masharti: asubuhi tu, jua likiwa zuri, barabara ya bwawa tu, na kabla ya kila njia ya kushoto kugeuza kichwa kizima. Masharti yakampa amani kwa wiki tatu hivi. Ila kuna jambo moja lililomsumbua, na hakuweza kulitoa kichwani: ule weusi wa kwenye karatasi yeye hakuuona popote. Dunia ilionekana nzima. Kilichokosekana hakikuacha pengo. Barabara ilimtokea kamili, safi, na watu waliokuwa hawapo ndani yake hawakuwa na dalili ya kutokuwepo.

Kisha ikaja siku ya baiskeli. Walikuwa wakishuka kutoka mnarani, upepo mzuri, Mwalimu ameishika kofia yake.

"Baiskeli," akasema Mwalimu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mama Fremu akakanyaga breki. Mwanamke mwenye baiskeli akapita mbele ya boneti, kikapu kimejaa, akawatikisia kichwa kwa shukrani kana kwamba wamempisha kwa hiari.

"Nilimwona," akasema Mama Fremu.

Mwalimu tangu siku hiyo akawa msemaji. Yeye aliyeishi na mke miaka thelathini na moja kwa maneno ya kuhesabu, sasa safari nzima alikuwa akisimulia upande wake. Pale kuna lori limeegeshwa. Wale watoto watatu wanangoja kuvuka. Tazama mbwa yule anavyojikuna, yuko pembeni kabisa. Alisema hayo kama mtu anayefurahia mandhari, na mkewe akaitikia kama mke anayefurahia kusimuliwa. Kona ya saba waliipita kama kawaida, isipokuwa Mwalimu hakucheka tena. Macho yake yalikuwa kazini.

Hakuna aliyesema lolote nyumbani. Walikula, wakasikiliza taarifa ya habari, wakaulizana nani kalifunga bomba. Jambo hilo likawa kama mtu wa tatu aliyeishi mle ndani pamoja nao, akila mezani.

Mambo yakaenda hivyo miezi miwili. Jumamosi moja Mwalimu akaitwa kwenye kikao cha wastaafu. Alipokuwa akifunga kamba za viatu alimwuliza mkewe, bila kuinua kichwa, kama leo atapumzika. Mke akasema labda. Mwalimu akafungua kamba moja, akaifunga upya, kisha akaondoka.

Jua lilikuwa limetulia, hakuna wingu. Mama Fremu alifagia ua. Alifua vitambaa ambavyo havikuwa vichafu. Saa nne akajiambia ni mpaka mnarani na kurudi tu, njia anayoijua hata akifumba macho, na akavifungua vibanio vya paa.

Kupanda kulikuwa kuzuri, na baadaye jambo hilo lilimtesa kuliko mengine. Gari lilikuwa halijawahi kwenda vile. Aliimba.

Wakati wa kushuka, chini ya kona ya kumi, kuna kichochoro kinachotoka kwenye karakana ya magodoro. Aligeuza kichwa, au aliamini amegeuza. Akasikia mshindo kama mlango mzito unaobamizwa, kisha kitu kikubwa cheupe kikafunika kioo cha mbele, kikamwangukia mapajani, na kwa muda mfupi akadhani paa limemshukia. Lilikuwa godoro la sponji. Mkokoteni ulikuwa umebeba magodoro manne yaliyosimamishwa wima, marefu kuliko Nusu Gari lenyewe. Hata kipofu, watu husema, angeona kivuli chake.

Mwenye mkokoteni alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza mvi. Alilala kando ya gurudumu, paja lake limepinda mahali ambapo paja halipindi. Watu wakajaa. Wakaanza kusema watu wa mikokoteni hawatazami, wanaibuka tu, wanaharibu magari ya wenzao. Mmoja akampa Mama Fremu chupa ya maji. Yule aliyelala chini akamtafuta kwa macho.

"Samahani, mama," akasema. "Nilidhani umeniona."

Mama Fremu akampa ile chupa ya maji. Askari wa barabarani alipokuja, watu walimweleza wao wenyewe. Akaandika kwamba mkokoteni uliingia barabarani ghafla. Akamsomea Mama Fremu, akamwonyesha mahali pa kutia saini. Alipokawia kushika kalamu, askari akamwambia ni mshtuko tu, utaisha. Akatia saini.

Mwalimu aliporudi alimkuta ameketi sebuleni na viatu vyake, vumbi la sponji bado kwenye sketi.

"Kushoto?" akauliza.

"Kushoto."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa mbele yake. Ndipo yakatoka yote, karatasi iliyokunjwa mara nne, matone ya bafuni, saini. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba yeye alijua tangu siku ya baiskeli. "Niliona nikisema utaliacha gari," akasema. "Na mimi sikutaka uliache." Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alisema maneno hayo kwa aibu kama mwanafunzi aliyekamatwa akinakili.

Siku ya tatu wakaenda hospitali. Mke wa mgonjwa alikuwa kando ya kitanda, mwanamke mwembamba mwenye kidole kilichotobolewatobolewa na sindano, mshonaji. Alipoambiwa ni kina nani, alisimama akawapisha viti vyote viwili. Akawashukuru kwa kuja, maana wengine wasingejishughulisha. Akawaomba radhi kwa ajili ya gari. Polisi walishamweleza kwamba kosa ni la mumewe, na mumewe mwenyewe amekubali. Mgonjwa, mguu wake umening'inizwa kwa uzito, akaitikia kwa kichwa.

Mama Fremu hakukaa. Akawaambia kwamba mkokoteni haukuibuka. Akawaambia kwamba jicho lake la kushoto limekufa karibu nusu na alikuwa akiendesha akijua.

Wodi iliendelea na kelele zake, vikombe, magurudumu ya trei, mtu akikohoa. Mgonjwa akamgeukia mkewe.

"Ulijua tangu lini?" akauliza yule mwanamke.

"Miezi mitatu."

"Na mzee wako je?"

"Nilijua," akasema Mwalimu.

Mwanamke akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hakupaza sauti. Alinyosha shuka juu ya kifua cha mumewe, akalikunja ukingo, akalikunja tena.

"Kwa hiyo siku zote hizo mlikuwa mnakwenda wapi?"

Mama Fremu ndiye aliyejibu.

"Hatukuwa na pa kwenda. Tulikuwa tunatembea tu."

"Mnatembea tu," akasema mwanamke, na akavirudisha viti vyake viwili upande wa pili wa kitanda.

Kutoka hapo walikwenda kituoni kwa miguu. Askari yule yule hakufurahi kufungua tena jalada alilokwisha kulifunga. Aliwauliza kama wameshauriana na mtu, akawakumbusha kwamba maandishi ya mwanzo yana saini. Mama Fremu akaiweka karatasi mezani, akainyosha mikunjo yake minne kwa kiganja, akaweka na leseni juu yake. Askari akaitazama ile picha nyeusi muda mrefu bila kuielewa, mpaka akaelezwa. Akawaambia waende nyumbani wangoje kuitwa, na wasisafiri.

Wakangoja. Daktari alimpima, akamwandikia matone makali zaidi, hakumkaripia, na jambo hilo likamwumiza. Alimwambia pia kwamba lile jicho la kulia nalo limeanza safari. Pale kazini meza yake ilisogezwa ukutani ili watu wote wamjie kutokea kulia. Yule mgonjwa alipasuliwa paja mara ya pili, habari zikaja kwa njia ya watu kwamba mfupa haushiki vizuri. Mama Fremu alikwenda tena hospitali mara mbili, na mara zote mbili muuguzi akamwambia mgonjwa hapokei wageni.

Barua ilifika mchana wa Jumatano, Mwalimu akiwa amelala. Mjumbe alikuwa amesimama mlangoni upande wa kushoto, na alilazimika kukohoa ndipo akaonekana. Mama Fremu alitia saini, akafungua bahasha, akasoma amesimama. Jina lake lilikuwa juu kama mshtakiwa. La Mwalimu lilikuwa chini yake: atafika mbele ya mahakama kama shahidi wa upande wa mashtaka, aeleze alichokijua na tangu lini.

Alilisoma jina hilo mara mbili, kisha akaenda kumwamsha.