Wali wa Kamati

Bibi yangu alikuwa mjinga kwa kuzidisha adabu, na adabu yake ndiyo iliyotugawa. Nasema hivyo kwa hasira, maana hasira ndiyo iliyobaki.

Wazazi wetu walikufa kwa ugonjwa ambao mwanzoni mwa miaka ya tisini hakuna mtu kijijini kwetu, nje kidogo ya Ifakara, aliyeutaja. Tukabaki kwa bibi mzaa mama: mimi wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu wa kike wa miaka mitano. Mjomba wetu wa Malinyi alishasema waziwazi kwamba bibi akishindwa kutulisha wote wawili, atamchukua mdogo akamlelee mtoto wake mchanga. Miaka mitano, alee mtoto.

Mvua zilipokaribia tukasikia kamati ya yatima itapita kuandikisha nyumba zinazolelewa na mabibi. Walioandikwa wangepata unga kila mwezi, blanketi na sare za shule. Jirani yetu, mjane mwenye akili zake, aliwakataza wajukuu wake kunawa tangu juzi yake. Bibi alimcheka.

Yeye alitusugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha, akatupaka mafuta, akatuazimia magauni kwa mke wa mwenye duka. Kisha akashusha kiroba cha mpunga wa mbegu kutoka darini, akanikabidhi mchi.

"Bibi, hiyo si ya kupanda?"

"Mgeni haonyeshwi njaa. Twanga."

Nilitwanga. Jogoo wetu wa pekee alichinjwa pia.

Walikuja watatu, wanaume wawili na mama mmoja mwenye faili. Walikula vizuri sana. Mwanaume mmoja alisifu harufu ya mchele, akaongezwa. Yule mama alimuuliza bibi kama ana shida yoyote. Bibi, amepiga magoti na birika la kunawisha mikono, akajibu, "Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Tunaendelea vizuri." Nilitaka kupiga kelele. Nilikusanya sahani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa saa moja na nusu wakaondoka na msimu wetu mzima. Majina yalipobandikwa ofisi ya kijiji, jirani alikuwemo. Sisi hatukuwemo. Karani alimweleza bibi kwamba kamati imeona ana uwezo. Akamshukuru karani.

Mvua ikanyesha, wenzetu wakapanda, sisi tukawa vibarua wa kupalilia mashamba ya watu kwa ujira wa debe la pumba na chenga. Mjomba hakuchelewa. Alikuja na baiskeli, na bibi akamwomba radhi kwa kumpa uji mtupu.

Mdogo wangu aliambiwa anakwenda kutembea, atarudi Jumapili. Alifurahi, akajipaka mafuta mwenyewe. Tuliwasindikiza mpaka kwenye pantoni, amekaa nyuma ya baiskeli anaimba. Sijui nini kilinipanda. Labda wivu kwamba yeye anaimba na mimi najua. Nikamsogelea sikioni nikamwambia, "Huendi kutembea. Umetolewa. Hurudi."

Alipiga yowe. Alimng'ang'ania bibi kitenge mpaka kikafunguka mbele za watu, na mjomba akamng'oa kidole kimoja kimoja. Pantoni ilivuka na yowe lake, na abiria wakitutazama sisi tuliobaki ukingoni.

Bibi alifunga kitenge chake taratibu. Nilisubiri kofi. Badala yake alinitazama usoni kama anayenunua kuku, akasema bila kupandisha sauti, "Ningejua, ningekutoa wewe."

Niliishi naye miaka saba baada ya siku ile. Alinilisha, akanisomesha kwa vibarua vyake. Neno lile hakulirudia, wala hakulifuta.