Nimeshindwa kumwekea kosa Bi Time

Leo kalamu yangu nyekundu imeniumbua mbele ya darasa zima.

Nasomesha Kiingereza watu wazima hapa Tibirinzi, baada ya alasiri.
Mwezi huu kajiunga Bi Time, aliyenifunza Kurani chuoni nilipokuwa mdogo. Anataka amsimamie mjukuu wake kazi za skuli.

Nimewapa sentensi kumi wazisahihishe. Nomino zikubaliane kwa umoja na wingi, vitenzi vinavyofuatana viwe na umbo moja.

Bi Time kapata mbili.

Sasa mimi huyu nimwekee kosa Bi Time? Mkono ulikataa. Nikampa vema zote kumi.

Akachungulia daftari la jirani yake, Asha. Kisha akaniita kwa sauti ile ile ya chuoni.

"Maalim, jibu langu na la Asha ni sawasawa. Lake kosa, langu vema?"



"Nimeona haya kukukosoa, Bi."

"Uliposoma kwangu, mie nilikuonea haya?"

"Hapana, Bi."

Nikalisahihisha upya daftari lake. Mbili kwa kumi. Akaitazama ile alama, akaridhika.

"Haya, lete kiganja."

Nina miaka arobaini na ndevu zangu.

Nikaleta. Kanichapa kwa rula yangu mwenyewe.

Semeni kweli, nyinyi mngekataa?